Kile Ambacho Dalali Hawezi Kubeba

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo, Kaloleni, Nairobi

Wazee wangu, kina mama wa soko, mafundi, vijana wa boda, hamjambo? Ahsanteni kwa kufunga vibanda mapema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo mteja ana pesa mfukoni. Najua mmeacha riziki mlangoni ili mje hapa, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie kufilisika. Mtaani tukisema fulani amefilisika, tunamaanisha amefunga duka, simu hapokei, na watu wanasema ameonekana stendi ya magari ya kwenda mashambani na virago vyake. Kisheria ni jambo jingine kabisa, na nitalifikia. Lakini katika miaka yangu yote ya uwakili, mtu mwenye madeni akiingia ofisini na kufunga mlango, huniuliza kwanza, "Watanichukulia nini?" Kisha ananyamaza kidogo, anaangalia chini, na kwa sauti ndogo anauliza la pili: "Wataniachia nini?" Leo nataka tukae na hilo la pili, kwa sababu watu wengi wa mji huu wanapoteza vitu ambavyo sheria ilikuwa imewaachia.

Nianze na nyumba ya chumba kimoja, si mbali na hapa tulipo, mwaka 1998. Ilikuwa nyumba yetu. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, anashona sare za shule. Baba alikuwa ameshafariki. Januari ile mama alichukua vitambaa kwa mkopo katika duka moja la jumla mjini, akitegemea kwamba wazazi watalipa shule zikifunguliwa. Wazazi wengine walilipa, wengi hawakulipa. Kukopa arusi, kulipa matanga. Kufika Juni deni lilikuwa shilingi 38,000, kesi ilikuwa imepelekwa mahakamani, na mama hakwenda kwa sababu aliogopa. Hukumu ikatoka bila yeye kuwapo.

Kisha akaja kijana mpole mwenye faili, akakaa kwenye kiti chetu, akaangaza macho chumbani na kuandika. Vitanda viwili. Kabati la vyombo. Redio. Cherehani moja. Akamwambia mama atie sahihi chini, naye akatia. Ile karatasi ilisema ana siku 7. Mama aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia, na zile siku 7 akazitumia kushona usiku na mchana, akidhani atapata pesa za kulipa.

Siku ya nane walikuja wanne na lori. Mama alikuwa katikati ya kushona sketi ya kijani, sindano imezama kwenye pindo. Mmoja akasema, "Mama, simama." Mwingine akaivuta ile sketi, uzi ukakatika, kitambaa kikachanika pale sindano ilipokuwa. Wakaibeba cherehani kwa miguu yake ya chuma, droo ikafunguka na vifungo vikamwagika sakafuni. Vilikuwa vifungo vya kila rangi. Tuliviokota usiku ule kwa mwanga wa koroboi, mimi na dada yangu, tukivipanga kwa rangi kana kwamba cherehani itarudi kesho. Tulilala chini, maana vitanda navyo vilikuwa vimekwenda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya sheria, niliketi maktaba nikisoma Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai. Nikafika kifungu cha 44. Kinasema ni mali gani haiwezi kushikwa na kuuzwa ili kulipa deni la hukumu. Nikasoma: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi ya mdaiwa, mke wake na watoto wake. Nikasoma tena: vifaa na zana za lazima kwa mtu katika kazi au ufundi wake. Nilifunga kile kitabu, nikatoka nje nikasimama uani kwa muda mrefu. Cherehani ya mama haikupaswa kushikwa. Vitanda vyetu havikupaswa kushikwa. Ile sheria ilikuwapo siku ile lori lilipokuja, na ilikuwapo miaka mingi kabla yake. Hakuna mtu chumbani mle aliyeijua isipokuwa, labda, kijana mwenye faili.

Ndiyo sababu niko hapa.

Basi tukichambue hicho kifungu cha 44, maana ndicho kitakachowafaa wengi wenu kabla hata ya neno kufilisika kutajwa. Ni pale mtu mmoja anapokudai, ameshinda kesi, na anatuma dalali wa mahakama aje kushika mali yako na kuiuza. Dalali huyo, kwa kanuni za madalali za mwaka 1997, lazima kwanza aorodheshe mali anayotaka kushika, akuachie orodha, na akupe siku 7. Hizo siku si za kuomba dua peke yake, wala si za kushona usiku kucha. Ni za kuchukua ile orodha, kuisoma mstari kwa mstari, na kukimbia kwa mtu anayejua sheria ili pingamizi lifike mahakamani kabla lori halijafika mlangoni. Ukiona kwenye orodha kitanda, sufuria, cherehani ya fundi, mashine ya kunyolea ya kinyozi, msumeno wa seremala, hapo una hoja. Hata mapambo ya mwili ambayo mwanamke hawezi kuvuliwa kwa desturi ya dini yake yametajwa humo. Daftari zako za hesabu pia zimetajwa.

Lakini angalieni neno "lazima". Fundi mwenye cherehani moja anayoikalia mwenyewe amelindwa. Fundi mwenye cherehani 12 na vijana 11 wa kuajiriwa asidhani zote 12 zitabaki. Redio yetu, kwa kweli, ilikuwa halali yao kuichukua. Kabati nalo tungeweza kubishania. Sofa, televisheni kubwa, sabufa ile inayotikisa jirani, hivyo vinabebwa.

Kuna sehemu moja ya kifungu hiki inayoniudhi, na nitaisema waziwazi. Mkulima amelindiwa mifugo yake, lakini ni ile yenye thamani ya shilingi 10,000 za kwanza tu, na zana zake za kilimo zenye thamani ya shilingi 5,000 za kwanza. Ndugu zangu, wengi wenu mna ng'ombe nyumbani. Kuna ng'ombe wa maziwa wa shilingi 10,000 leo? Hata ndama wake humpati kwa bei hiyo. Hizo ni pesa za zamani sana zilizoachwa ndani ya sheria hai, na matokeo yake ni kwamba yule mzee wa Kinangop au Kangundo aliyelindwa kwenye karatasi, hajalindwa zizini. Wabunge wetu wakija kuomba kura, hilo ni swali la kuwauliza, na msikubali kujibiwa na wimbo.

Sasa nije kwenye kufilisika kwenyewe. Hapa si mdai mmoja. Hapa madeni yamekuwa mengi hata huwezi kuyabeba, na ama wewe mwenyewe unaenda Mahakama Kuu, kwa watu wa Nairobi hapo Milimani, ukisema nimeshindwa, ama mdai wako anakupeleka. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo ilifuta ile ya zamani ya tangu ukoloni. Mahakama ikitoa amri, mali yako inatoka mikononi mwako na kuingia kwa msimamizi, ambaye anaweza kuwa Mpokezi Rasmi wa Serikali. Yeye huuza na kugawa kwa wadai wote kwa utaratibu. Kuanzia hapo, wadai hawana ruhusa ya kukuvamia mmoja mmoja. Huo ndio unafuu wake mkubwa: zile simu za saa kumi na moja alfajiri zinapata mahali pa kujibiwa pasipo wewe.

Na unabaki na nini? Msingi ni uleule: vifaa vya lazima vya kazi yako, nguo, malazi, vyombo na samani za lazima za nyumbani kwako na kwa wanaokutegemea. Sheria haitaki mtu afilisike halafu ashindwe kuamka kesho kwenda kutafuta. Mtu aliyenyang'anywa nyundo hawezi kumlipa mtu yeyote.

Yanayokwenda ni mengi, na sitawadanganya. Ploti ile ya Joska uliyonunua kwa jasho, inakwenda. Hisa, akiba iliyo benki, bidhaa dukani, pesa unazodai watu wengine. Na kuna jambo ambalo huwashtua wengi: hata mali unayoipata baada ya amri, kabla hujaachiliwa kutoka ufilisini, inaweza kuingia mikononi mwa msimamizi. Mzazi akifariki katikati ya miaka hiyo na kukuachia urithi, urithi huo unaweza kwenda kulipa madeni yako. Nimeona familia zikigombana matangani kwa sababu hiyo.

Nimeona mama pale nyuma ameinua mkono. Anauliza, "Wakili, na nyumba? Nyumba ninayoishi na watoto wangu?"

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote. Nitakujibu kama ambavyo ningemjibu dada yangu. Nyumba si miongoni mwa vitu vilivyolindwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mke au mume hatafukuzwa kwenye nyumba ya ndoa na mtu yeyote, halafu inataja isipokuwa, na miongoni mwa hao waliotajwa yumo msimamizi wa mali ya mufilisi, yaani mtu aliyefilisika, pamoja na benki iliyoshika rehani na mnunuzi wa mnada wa hukumu. Walitajwa kwa jina, kwa hiyo hakuna pa kujificha hapo. Kinachokulinda wewe kama mke au mume ni mambo mawili. Kwanza, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini yako ya maandishi, uliyoitoa ukielewa. Kama sahihi yako haikuwapo, au uliletewa karatasi jikoni ukaambiwa "tia hapa haraka, mtu wa benki anangoja", nenda kwa wakili kesho. Pili, sehemu yako katika nyumba ni yako. Deni la mumeo linafuata sehemu yake. Hiyo inahitaji kupiganiwa mahakamani, haiji yenyewe, na ushahidi wa mchango wako ndio silaha. Risiti za saruji, za mabati, mpesa ulizomtumia fundi wa mawe, usizitupe hata kama nyumba imekwisha kujengwa miaka 10.

Nataja hili kwa sababu vijana wananiletea video za mitandaoni za mtu wa Marekani anayesema ukifilisika nyumba yako haiguswi. Anasema kweli, kwa kwao. Texas nyumba ya kuishi inalindwa bila kujali thamani yake, mradi kiwanja cha mjini kisizidi ekari 10. Florida nako ulinzi ni mkubwa. Hata huko kuna masharti ya kuishi muda mrefu katika jimbo hilo kabla ya kupata ulinzi wote, na majimbo mengine hulinda kiasi kidogo tu. Lakini Kaloleni si Texas. Ukifanya mipango yako ya madeni kwa kusikiliza video hiyo, utaipoteza nyumba ukiwa unaitazama simu.

Hapa ndipo nataka tutulie, kwa sababu ndipo penye maumivu mengi siku hizi.

Kila kitu nilichosema kimelindwa, hakijalindwa dhidi ya sahihi yako mwenyewe. Ukikiweka kitu dhamana ya mkopo, umemwambia mkopeshaji: nikishindwa, chukua hiki. Na akija kuchukua, hatumii kifungu cha 44, wala hangoji msimamizi wa ufilisi agawe. Yeye yuko nje ya foleni. Mwaka 2017 tulipata Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika. Nia yake ilikuwa njema: kumwezesha mtu asiye na hati ya shamba akope kwa kutumia alichonacho, ng'ombe, mashine, friji ya duka, hata mazao. Na imewasaidia watu. Lakini maana yake pia ni kwamba cherehani ambayo mwaka 1998 sheria ilimlindia mama yangu, leo mama mwingine anaweza kuiweka dhamana kwa mkopo wa shilingi 20,000, ikaandikwa kwenye sajili, na ulinzi wake ukaisha kwa kalamu.

Kijana wa boda, hebu tuongee. Pikipiki unayoendesha mwenyewe ili ule ina hoja nzuri ya kuitwa kifaa cha kazi. Lakini wengi wenu mmezichukua kwa mkopo, mnalipa kila siku, na pikipiki yenyewe ndiyo dhamana. Mpaka malipo ya mwisho, ile si kifaa chako cha kazi kwa maana ya kinga hii. Ni dhamana inayotembea. Sasa nimeanza kuona jambo jingine: kijana amemaliza kulipa, logibuku, kile kitabu cha umiliki, imekuwa jina lake, amefurahi, na baada ya miezi miwili anairudisha ile logibuku kwa mkopeshaji mwingine ili apate pesa za karo ya mdogo wake. Karo ni jambo la maana, siwezi kumlaumu. Ninachomwomba ni kwamba kabla hajatia sahihi ajue amelipa miezi 18 kujipatia kitu kimoja ambacho hakuna dalali angekigusa kirahisi, na sasa anakiachia. Kama unacho kitu kingine cha kuweka, weka hicho. Weka televisheni. Weka hisa. Kifaa kinachokulisha kiwe cha mwisho kabisa kuandikwa kwenye karatasi ya mtu.

Hali ni hiyohiyo kwa akiba ya uzeeni. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 inakinga michango iliyo ndani ya mfuko wa pensheni isishikwe kwa hukumu. Mdai anaweza kuijua, asiweze kuigusa. Lakini kuna ruhusa ya kutumia hadi asilimia 60 ya akiba hiyo kama dhamana ya mkopo wa nyumba, na ukiitumia, umefungua mlango mwenyewe. Na mkumbuke, pesa ikishatoka mfukoni mwa pensheni ikaingia kwenye akaunti yako ya benki, ni pesa kama pesa nyingine.

Walioajiriwa humu ndani ni wachache, kwa hiyo neno moja tu: mwajiri hawezi kukukata mshahara mpaka ubaki na chini ya theluthi moja. Hilo liko kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Turudi kwa mambo ya hapa hapa. Chama, kile kikundi chetu cha kuchanga na kuweka akiba. Wangapi hapa ni waweka hazina? Naona mikono, na naona wengine wanaogopa kuinua. Pesa za chama zilizo kwako si mali yako. Umeshika amana. Ukifilisika, mali ya amana haiingii kwenye kapu la wadai wako, kwa sababu haikuwa yako. Shida ni kuthibitisha. Kama pesa za wanachama 25 zimelala kwenye simu yako pamoja na pesa za nyanya, pesa za kodi, na pesa ambazo shemeji alikutumia, msimamizi atajuaje ipi ni ipi? Fungueni akaunti kwa jina la chama, wenye sahihi wawe watatu, daftari liandikwe kila mkutano. Kufanya hivyo kunamlinda yule mweka hazina mwaminifu siku mambo yake binafsi yatakapomwendea kombo.

Shamba la ukoo nalo lina mambo yake. Kuna mzee hapa mbele, mwenye shati la kijani, aliniambia kabla hatujaanza kwamba hati ya shamba la baba yao kule Machakos iko kwa jina lake kwa sababu yeye ni kifungua mimba, na ndugu zake wanne wanaishi humo. Mzee, sheria zetu zinatambua amana ya kimila, kwamba mtu anaweza kuandikwa kwenye hati huku ameshikilia kwa niaba ya ndugu. Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo mwaka 2018. Kwa hiyo ndugu zako wana njia ya kusema shamba hili lisiuzwe lote kwa madeni ya kaka yetu. Lakini wataisema mahakamani, kwa mashahidi, kwa gharama, na kwa hofu. Mkalikate hilo shamba sasa, kila mmoja apate hati yake, wakati bado mnaketi meza moja.

Na mke ambaye friji yake imebebwa kwa deni la mume, au mpangaji mwenza ambaye kitanda chake kimeorodheshwa kwa deni la mwenzake, yupo ndani ya sheria. Anaweza kuweka pingamizi chini ya Amri ya 22 ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, akisema hiki ni changu na si cha mdaiwa. Mahakama ikishapokea pingamizi, kuna utaratibu wa kusimamisha uuzaji kwanza. Hapo mwenye risiti yenye jina lake ndiye hucheka. Asiye na risiti anabaki kuapa tu.

Kuna wanaofikiri njia ya mkato ni kuficha. Ukiona mambo magumu, unamhamishia shemeji gari, unamwandikia mtoto ploti, unamuuzia rafiki mashine kwa bei ya kutupa. Naomba msifanye hivyo. Msimamizi ana uwezo wa kurudi nyuma na kuangalia zawadi na mauzo uliyofanya kabla ya kufilisika, na mahakama inaweza kuyafuta. Kuficha mali wakati wa ufilisi ni kosa la jinai, na hapo mtu aliyekuwa na deni tu anageuka mshtakiwa. Mficha uchi hazai. Nimemwona mtu aliyekuwa na haki ya kubaki na vifaa vyake vyote vya kuchomelea vyuma, lakini alivificha kwa jirani kwa hofu, na alipoulizwa chini ya kiapo akasema hana. Neno lake lote likapoteza uzito tangu siku ile, hata pale aliposema kweli.

Wadhamini wenu wa sacco, chama cha akiba na mikopo, nao wana haki ya kusikia hili mapema. Kufilisika kwako kunakuondolea wewe mzigo, hakumwondolei aliyekudhamini. Wale watatu waliotia sahihi kwenye fomu yako, akiba zao zitakatwa. Kabla hujaenda Milimani, nenda kwao. Waambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Ni mazungumzo machungu, lakini nimeona urafiki ukipona kwa sababu mtu alisema mapema, na nimeona udugu ukifa kwa sababu mdhamini alijua kwa kuangalia taarifa yake ya sacco.

Mtauliza, ufilisi ni wa maisha? Hapana. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe taarifa kamili ya mali na madeni yako. Ndiyo maana ile taarifa isicheleweshwe hata siku moja. Saa haianzi kuhesabu mpaka uitoe. Katika kipindi hicho utabanwa. Kwa mfano, Katiba haimruhusu mufilisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge wala kiti cha bunge la kaunti. Na kuna madeni yasiyofutika hata miaka ikiisha: yaliyotokana na ulaghai, na matunzo ya watoto. Mtoto wako hawezi kufutwa na amri ya mahakama.

Wala kufilisika si njia pekee. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2015 inaruhusu makubaliano na wadai, ambapo unalipa sehemu kwa muda mnaoafikiana na mahakama inaidhinisha. Inaruhusu pia amri ya kulipa kidogo kidogo. Na ipo njia ya mtu ambaye hana mali yoyote ya kuuzwa na madeni yake hayajavuka kiwango kilichowekwa. Huyo huachiliwa baada ya miezi 12. Wengi wanaokuja kwangu wakililia kufilisika, tukikaa na daftari, tunakuta hii ya kulipa kidogo kidogo ndiyo inawafaa, kwa sababu inawaachia hata vile ambavyo ufilisi ungechukua.

Hata wale wa mikopo ya simu, wanaotishia kupigia mama mkwe na mwalimu wa watoto wako: tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, mkopeshaji wa kidijitali haruhusiwi kukuaibisha kwa watu walio kwenye simu yako. Hifadhi ujumbe wao, ni ushahidi. Deni bado unadaiwa, lakini heshima yako si dhamana.

Nimezungumza kuliko nilivyoahidi. Kuna meza mbili pale karibu na dirisha, na vijana wawili wanaosomea sheria watakuwa wakiandika. Mwenye orodha ya dalali mkononi apite mbele ya foleni, hata kama ni mdogo kwa umri, kwa sababu siku 7 zake zinakimbia. Mwenye mkataba wa mkopo aje nao wote, si ukurasa wa mwisho tu wenye sahihi. Mama uliyeuliza kuhusu nyumba, tutaanza na wewe. Natumaini ulikuja na zile karatasi za jikoni. Na mzee wa Machakos, wapigie ndugu zako simu sasa hivi uwaulize ni lini mnaweza kukutana na mpimaji.